Dakika ya Pili

Chumba cha nyuma, Wete, saa tano za usiku.
Pangaboi nimelizima, maana hunguruma ndani ya simu
kama mtu anayesafisha koo kisha hasemi.
Godoro nimelisimamisha dirishani.
Mize ameshasema: ukimwamsha mtoto,
utambembeleza kwa hilohilo gitaa lako.

Simu naiegemeza kwenye kopo tupu la maziwa,
chini kanga iliyokunjwa mara nne.
Kidole cha mwisho kimevaa shingo ya chupa
niliyoikata kwa uzi na mafuta ya taa,
nikajikata na mimi.

Muziki huu sikuzaliwa nao.
Ulikuja dukani kwangu ndani ya redio kaseti,
mwaka ule karafuu zilipoozea majamvini kwa mvua.
Mtu aliiweka mezani, akasema inatafuna mikanda,
akasema nitarudi Ijumaa.
Hakusema Ijumaa ipi.
Jina lake niliandika kwenye risiti, risiti wakaila mchwa.
Ndani mlikuwa na kaseti isiyo na jalada:
mzee mmoja, gitaa moja, bluzi ya shamba, ya kwao huko mbali,
dole gumba likienda kwa miguu
na vidole vingine vikilifuata nyuma vikisema uongo.
Maneno sikuyajua. Lile dole gumba nililijua:
ni bibi yangu akitwanga, huku anawaza deni.

Basi nikarekodi, nikawatumia watu watatu,
nikaandika chini: msinipambe, nambieni.

Kombo, apigaye kanuni Chake, alijibu kabla ya alfajiri:
"Walipiga gitaa kama unayemwamkia mkweo.
Umeinama, hulitazami."
Shuwena, binamu yangu, yuko Maskati, kaandika:
"Sauti iko wapi? Nimesikia koo tu.
Lakini yule chura kaingia kwa wakati, mpe salamu."
Faki wa Michenzani, ghorofa ya sita,
kasikiliza, kanyamaza.
Siku nne fundi anatengeneza simu za watu
huku anaitazama yake.
Siku ya tano: "Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne.
Umesita. Hapo ndipo. Mengine umeyakopa.
Rudia hapo."

Nimerudia.
Mara kumi na moja nimesita.
Kusita kwa kupima, kusita kwa hesabu,
kusita kama ajifanyaye kasahau jina la mgeni wake.
Faki anajibu kwa mkato: Hapana. Hapana. Umetia chumvi.
Kombo anasema sasa angalau nalitazama gitaa,
"ila kwa jicho la mdai."

Jana nikavaa hedifoni, nikairudia ile ya kwanza,
nikasikiliza, si mimi: nyuma yangu.
Chura.
Kikohozi cha Mize, ng'ambo ya ukuta.
Kisha mbali, chini ya uzi wa nne, mlango wa mbele:
Hodi.

Nikakumbuka.
Alikuwa mtoto wa Bi Asaa, katumwa kiberiti.
Lakini mkono wangu haukujua kuwa ni mtoto.
Mkono ulidhani ni yeye,
miaka kumi na tisa, Ijumaa yake imefika,
amekuja kuchukua redio,
kasimama barazani anasikia mali yake
ikitoka kwenye vidole vya mtu mwingine.
Vikanyanyuka kidogo,
kama vya mwizi, au kama vya mwenyeji, sijui.
Halafu vikashuka.

Redio ipo rafuni. Imepona, haitafuni tena kitu.
Kila wiki naifuta vumbi.
Faki sijamjibu.

Siku hizi nikirekodi godoro naliweka palepale,
pangaboi nalizima,
ila mlango wa mbele siukomei.